Vitu vya zamani vya zimamoto ya Ujerumani: uanze na beji za mkononi, helmeti au medali?

Wadau wa vitu vya zamani, hasa nyie mnaopenda mambo ya zimamoto ya Ujerumani, swali linalorudi kila siku ni lile lile: mtu anayeanza akusanye nini? Maana ukiingia kwenye minada ya mtandaoni ukaandika tu Feuerwehr, yaani zimamoto kwa Kijerumani, unamwagiwa kila kitu kwa pamoja, helmeti, beji za kitambaa, vyeo vya mabegani, bizimu za mikanda, medali, mashoka, visu vya gwaride, vifungo vya makoti, na bei zinaanzia euro mbili tatu mpaka hela ya kulipia kodi ya nyumba. Mtu asipojua anataka nini anajikuta ana kasha limejaa vitu visivyohusiana, halafu nusu yake feki.

Nitoe msimamo wangu mapema ili usisome mpaka chini ukinitafuta. Kwa anayeanza, chukua beji za kitambaa za mkononi za Ujerumani Magharibi, tena za jimbo moja tu, halafu ukishazoea ongeza helmeti moja au mbili nzuri. Medali zifuate baadaye, na vitu vya miaka ya 1933 hadi 1945 viwe vya mwisho kabisa kama utavigusa. Sababu yangu kubwa ni kwamba beji ina jina la mahali. Kitu chenye jina la mji au kijiji unaweza kukihakiki, unaweza kujua kilitoka wapi na mara nyingi hata kilivaliwa miaka gani, wakati kitu kisicho na jina unabaki kumwamini muuzaji tu.

Sasa tuingie ndani.

Kwa nini kule kuna vitu vingi namna hii

Zimamoto ya Ujerumani haikuanzia serikali kuu ikashuka chini, ilianzia mijini kwa wananchi wenyewe. Meissen kule Saxony ndio unahesabiwa kuwa na kikosi cha kwanza cha kujitolea, mwaka 1841. Durlach, pale jirani na Karlsruhe, walianza 1846 wakitumia pampu ya Carl Metz wa Heidelberg, na haukupita mwaka, Februari 28, 1847, jumba la maigizo la Karlsruhe likaungua wakafa watu zaidi ya 60, na wale wa Durlach waliokuwa wamefanya mazoezi ndio waliowaonyesha watu tofauti ya kikosi na kundi la watu wenye ndoo. Baada ya hapo miji ikawa inaanzisha vikosi mmoja baada ya mwingine. Berlin wakapata kikosi cha kulipwa mwaka 1851 chini ya Ludwig Scabell, na 1853 Conrad Dietrich Magirus wa Ulm akawaita wenzake wakutane mji wa Plochingen, mkutano ambao chama cha zimamoto cha Ujerumani mpaka leo kinauhesabu kuwa ndio kuzaliwa kwake.

Matokeo yake ni kwamba kila mji ulijivalia ulivyotaka, na hata leo mambo ya zimamoto ni ya majimbo, sio ya Berlin. Majimbo 16, kila moja na sheria yake, vyeo vyake, na utaratibu wake wa nini kishonwe wapi. Vikosi vya kujitolea viko zaidi ya 20,000. Hebu fikiria, vijiji na miji yote hiyo, kila kimoja na beji yake, na kila baada ya miaka kadhaa inabadilishwa. Ndio maana nasema jimbo moja tu, kwa sababu ukisema unakusanya Ujerumani nzima unajidanganya, huwezi kuimaliza hata ukiishi mara mbili.

Beji za mkononi na helmeti, uso kwa uso

Hapa ndipo wengi wanapogombana na mimi, maana helmeti inavutia, unaiweka kabatini mgeni akiingia anaiona kabla hajakaa. Sikatai. Ila tuzilinganishe kwa mambo yanayomgusa mnunuzi.

Bei: beji ya kawaida ya kijiji cha jimbo la Bavaria au Niedersachsen ya miaka ya 1970 au 1980 unaipata kwa euro chache, na ukinunua furushi zima kutoka kwa mtu anayeachana na mkusanyiko wake inashuka zaidi. Helmeti ya aluminiamu ya Magharibi, ile iliyotengenezwa kwa kiwango cha Kijerumani cha DIN 14940 yenye rangi inayong'aa gizani, ni makumi ya euro. Helmeti ya ngozi ya enzi ya Kaisari, kabla ya 1918, yenye kishungi cha shaba njano juu, hapo unaongelea mamia, na ikiwa imekamilika na bamba lake la mbele ndio kabisa.

Usafiri: beji kumi zinaingia kwenye bahasha. Helmeti inataka boksi, inataka kujazwa magazeti, na ukiwa Mombasa au Dar unalipia uzito na ukubwa, halafu ikifika imebonyea utamlalamikia nani. Kwa ndugu zetu walioko Ulaya hili ni dogo, kwa aliyeko nyumbani linaweza kuamua kila kitu.

Nafasi: hili watu hawalifikirii mpaka mke au mume aanze kulalamika. Beji zinakaa kwenye faili lenye mifuko ya plastiki. Helmeti thelathini zinataka chumba.

Kuhakiki: hapa sasa ndipo beji inaposhinda, na nataka nikae kidogo.

Chukua beji moja uishike. Usianze kuangalia mbele, geuza nyuma. Kama ilishawahi kushonwa kwenye koti utaona matundu madogo ya sindano yakizunguka ukingo, na mara nyingi vipande vya uzi wa bluu ya giza bado vimenasa, kwa sababu aliyeitoa aliikata kwa wembe akaacha masalia. Kitambaa kilichokunjwa chini ya ukingo kitakuwa na rangi nzito kuliko cha mbele, maana hakikuwahi kupigwa jua. Hayo mtu hawezi kuyatengeneza kirahisi kwenye kitu cha euro tatu, hailipi. Halafu angalia jinsi ilivyotengenezwa. Zipo zilizofumwa, nyembamba na bapa, nyuma unaona nyuzi zimepita kwa mistari, na zipo zilizodariziwa kwa mashine, nene, nyuma nyuzi nyeupe zimejaa. Ukikuta nyuma kuna utando wa gundi ya kupigia pasi, au velkro, au ukingo umezungushiwa uzi mnene wa kisasa, hiyo ni ya karibuni, hata kama muuzaji kaandika ya miaka ya 50.

Chukua pia taa ile ya kukagulia noti feki, zima taa ya chumba, imulike. Nyuzi nyingi za kisasa zinawaka nyeupe au bluu, pamba na sufu ya zamani inabaki imefifia. Lakini usihukumu kwa taa peke yake, koti lililofuliwa na sabuni ya kisasa nalo linawaka, kwa hiyo beji halali ya mwaka 1960 inaweza ikawaka kwa sababu tu mama wa mzimamoto alikuwa msafi. Taa inakupa wasiwasi, jibu unalipata kwenye uzi na matundu.

Halafu sasa jina. Hili ndilo linanifanya nizipende beji. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwisho wa miaka ya 1970 Ujerumani Magharibi walifanya mageuzi makubwa ya mipaka, vijiji vidogo vidogo vikaunganishwa kuwa manispaa, wilaya zikafutwa. Baden-Württemberg wilaya mpya zilianza Januari 1973, Bavaria wilaya zilipangwa upya 1972 na manispaa zikamalizika 1978. Maana yake ni kwamba beji yenye jina la kijiji kama manispaa inayojitegemea, kumbe kijiji hicho kilimezwa 1974, basi una tarehe ya mwisho mkononi bila kumuuliza mtu. Mfano mkali zaidi ni Hessen, ambako Gießen na Wetzlar ziliunganishwa kuwa mji mmoja ulioitwa Lahn, Januari 1977, wananchi wakakasirika, na Julai 1979 ukavunjwa. Kitu chochote rasmi chenye jina la mji huo kina dirisha la miaka miwili na nusu tu. Upande wa Mashariki ni hivyo hivyo, Chemnitz iliitwa Karl-Marx-Stadt kuanzia 1953 mpaka 1990, na Eisenhüttenstadt iliitwa Stalinstadt kuanzia 1953 mpaka 1961. Helmeti haikupi hayo, labda uwe na bahati kuna stika ya mji ubavuni.

Na nembo utazizoea haraka kuliko unavyodhani, farasi mweupe kwenye nyekundu ni Niedersachsen, simba wa mistari myekundu na myeupe kwenye bluu ni Hessen, simba watatu weusi kwenye dhahabu ni Baden-Württemberg, vipande vya bluu na nyeupe Bavaria, dubu ni Berlin, ngome ni Hamburg, ufunguo ni Bremen. Ukishazijua hizi unapita kwenye meza ya soko huku macho yanachambua yenyewe.

Sasa helmeti nazo zina utamu wake, nisizionee. Ile inayotafutwa sana ni M34, ya chuma, nyeusi, yenye matundu ya hewa pembeni, na mwanzoni ilikuwa na kishungi cha aluminiamu juu, nyuma inafungiwa ngozi ya kukinga shingo na maji na cheche. Ilivaliwa na polisi na zimamoto pia, na baada ya vita haikutupwa, nchi ilikuwa haina kitu, kwa hiyo walikwangua alama za Wanazi, wakapaka rangi upya wakaendelea kuivaa miaka mingi. Ndio maana M34 nyingi utakazokutana nazo ni helmeti ya miaka ya 30 yenye maisha mawili, na mimi naziona hizo ni bora kuliko zile zilizorudishiwa stika za zamani, kwa sababu zinasema ukweli wote wa walichopitia.

Ukiikagua, ichukue ukaribie dirisha uangalie pale rangi ilipobanduka karibu na stika. Kama rangi imebanduka na stika nayo imekatika hapo hapo, sawa. Kama stika imepita juu ya sehemu iliyobanduka, yaani imelala ndani ya kovu, basi kovu lilitangulia na stika imebandikwa juzi. Angalia pia vichwa vya skrubu: kama zimepakwa rangi moja na bakuli, yaani mwili wa helmeti, na hazijawahi kuguswa na bisibisi, ngozi ya ndani ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya asili. Saizi na alama ya kiwanda utaziona zimegongwa kwenye chuma kwa ndani, ila alama halali inathibitisha bakuli tu, stika ni habari nyingine.

Zile za aluminiamu za DIN 14940 ndizo ningemshauri mtu anayetaka helmeti bila presha. Ni nyepesi, hazishiki kutu, ni nyingi, na hakuna anayehangaika kuzitengeneza feki.

Enzi ipi?

Watu wengi wanachagua kitu kwanza halafu enzi inajileta yenyewe. Ningekuomba ufanye kinyume.

Enzi ya Kaisari, kabla ya 1918, ndiyo yenye uzuri wa kazi ya mikono, ngozi nene, shaba njano iliyogongwa helmeti na mashoka mawili yaliyopishana, vifungo vizito. Ubaya wake ni bei, na ngozi ya miaka mia na zaidi ni mgonjwa wa kudumu, inataka sehemu isiyo na jua wala joto kali, na hewa isiyo na unyevu mwingi. Kwa aliyeko pwani yetu, na joto letu lile na chumvi hewani, mimi nasema wazi usinunue helmeti ya ngozi kama huna chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi muda wote. Itaota ukungu, halafu ukiikausha inapasuka.

Enzi ya 1933 mpaka 1945. Hapa niseme polepole kidogo. Wanazi waliichukua zimamoto wakaiingiza polisi. Prussia ilianza na sheria yake ya Desemba 1933, na sheria ya Novemba 23, 1938 ikamaliza kazi kwa nchi nzima: vikosi vya kulipwa vikawa Feuerschutzpolizei, yaani polisi wa kukinga moto, wale wa kujitolea wakawa polisi wasaidizi, magari mekundu yakapakwa kijani cha giza, na kwenye sare ukaingia tai wa polisi na wekundu ule unaokaribia pinki ambao ndio rangi ya zimamoto ya kipindi hicho. Kihistoria ni kipindi kinachosomwa sana, na vitu vyake vinauzwa ghali kuliko vingine vyote vya karne ya 20, na hapo hapo ndipo feki zilipojaa. Tai wa mkononi, vyeo vya kola, visu vya gwaride vya mji wa Solingen, vyote vinatengenezwa upya kwa ustadi kwa sababu hela ipo.

Halafu kuna sheria. Kwa Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya makosa ya jinai kinakataza kuonyesha hadharani au kusambaza alama za Wanazi, na msamaha uliopo ni kwa mambo kama elimu, utafiti, sanaa na historia, kwa hiyo kwenye masoko na minada utaona swastika imefunikwa na kipande cha karatasi. Austria nao wana sheria kali zao. Tovuti kubwa za mnada zenyewe zinafuta tangazo. Kwa mtu anayeishi Munich au Vienna hiyo sio nadharia, ni kitu cha kukuletea barua nyumbani. Na mbali na sheria kuna suala la moyo, maana alama hizo zilivaliwa na dola iliyoua mamilioni, na huwezi kuziweka sebuleni kama mapambo. Anayekusanya kipindi hiki awe mtu wa kusoma na kuandika na kueleza. Kama nia ni ukuta upendeze, chukua enzi nyingine.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaijui. Julai 26, 1957 Ujerumani Magharibi walipitisha sheria ya nishani iliyoruhusu medali kadhaa za kipindi kile kuvaliwa, ila bila swastika, na viwanda kama Steinhauer & Lück wa Lüdenscheid vikatengeneza matoleo mapya yaliyosafishwa. Toleo la 57 ni halali na ni la kweli kwa historia yake, na bei yake ni ya chini. Tatizo ni pale muuzaji anapokuuzia kama la vita, au mnunuzi anapodhani ni feki. Sio feki, ni kitu cha enzi yake.

Mashariki, yaani DDR 1949 hadi 1990, ndio mpinzani wa kweli wa Magharibi kwa anayeanza. Bei ni ya chini, maana nchi hiyo ilipokoma maghala yalimwagwa sokoni, na nembo ya nyundo na bikari ndani ya duara la masuke haijakatazwa Ujerumani. Mfumo ni mmoja, chini ya wizara ya mambo ya ndani, kwa hiyo kuvielewa vyeo ni kazi fupi. Lakini umoja huo ndio unaonipunguzia hamu, vitu vingi vinafanana kutoka Rostock mpaka Suhl, jina la mahali halipo mara nyingi kama Magharibi. Anayependa kumaliza seti, Mashariki patamfaa kuliko pote, atajaza ubao na kuufunga. Anayependa kuchimba, kusoma ramani, kujua kijiji hiki kilikuwa chini ya wilaya gani, aende Magharibi.

Medali na beji za uwezo

Hizi mbili watu wanazichanganya na hazifanani. Medali ya utumishi mtu anapewa kwa kukaa miaka, kwa mfano ile ya Reich, dola ya Wanazi, ya 1936 daraja la pili ilikuwa ya miaka 25, na DDR walikuwa na medali ya utumishi mwaminifu kwa wanaojitolea, bronzi, fedha na dhahabu kulingana na miaka. Beji ya uwezo, Leistungsabzeichen, inapatikana kwa kikosi kufanya mtihani wa vitendo, kutandika mipira ya maji, kufunga mafundo, kwa muda uliopimwa.

Mimi naziona beji za uwezo ni nzuri zaidi kuzikusanya na bei yake haiumi. Bavaria wana ngazi sita, bronzi, fedha, dhahabu, halafu dhahabu yenye bluu, dhahabu yenye kijani, dhahabu yenye nyekundu, na seti kamili ya sita kwenye ubao mmoja ni kitu cha kumwonyesha mtu yeyote akaelewa hapo hapo. Baden-Württemberg ni tatu. Vijana nao wana zao, chama chao kilianzishwa 1964, na beji yao, Leistungsspange, ni ya bei ya kutupa.

Kwa medali nina sharti moja ambalo silegezi: nunua na karatasi yake. Medali bila hati ni chuma. Medali yenye cheti, jina la aliyepewa, kijiji, tarehe na muhuri, ni maisha ya mtu aliyekuwa akitoka kitandani usiku kwenda kuzima moto wa jirani bila kulipwa. Kuna wauzaji wanaotenganisha makusudi wauze mara mbili, medali huku, cheti kule, na nikiona furushi la namna hiyo natamani nilinunue lote hata kama sikulipanga, ili visitengane. Usiwe wewe unayevitenganisha.

Ujanja mwingine wa tarehe: angalia boksi au lebo ya duka. Ujerumani ilibadilisha namba za posta Julai 1, 1993 kutoka tarakimu nne kwenda tano. Boksi lenye anwani ya Lüdenscheid na tarakimu nne ni la kabla ya hapo, na ukiona namba ina herufi W au O mbele yake, hiyo ni kati ya 1990 na 1993, baada ya muungano kabla ya namba mpya.

Mikanda, bizimu na visu

Nipite haraka. Mkanda wa ndoano, Hakengurt, ule mpana wa katani wenye pete kubwa na mahali pa shoka, ni mzuri kwa macho na unaenda vizuri kando ya helmeti. Bizimu ziko nyingi, sumaku itakwambia kama ni chuma au la, maana aluminiamu, shaba na zinki hazivutwi, na bizimu za zinki za mwishoni mwa vita huwa na rangi ya kijivu na vipele. Visu vya gwaride na yale mapanga mafupi yenye meno ya msumeno mgongoni ni kazi nzuri sana ya Solingen, ila ni silaha, na forodha na mashirika ya ndege hawatakusikiliza ukiwaambia ni historia. Aliyeko nje ya Ulaya aviache. Na tahadhari ya afya: baadhi ya glavu na kofia za zamani za kukinga moto zilishonwa kwa asbesto, na vichujio vya barakoa za gesi nao wasiwasi ni ule ule. Usivitikise, usivivae, usivifue, ni bora usivinunue.

Mnada, soko au kikosi chenyewe

Mnada wa mtandaoni una vitu vingi ila unaona picha tu, kwa hiyo omba picha ya nyuma, kila mara, na muuzaji akikataa kupiga picha ya nyuma ya beji ya euro nne achana naye. Masoko ya vitu vya zamani ya wikiendi bei ni ya mazungumzo na unashika kitu mkononi, ila nenda asubuhi mapema kabla wenye maduka hawajapita.

Njia ninayoipenda ni ya tatu, kuandika moja kwa moja kwa kikosi cha kijiji. Barua fupi ya heshima, kwa Kijerumani hata cha kuungaunga, ukieleza wewe ni nani na unakusanya nini, na kama una beji ya zimamoto ya nyumbani ya kubadilishana ndio kabisa. Hawa ni watu wa kujitolea, wanapenda kuona mtu wa mbali anajali kijiji chao, na wengi wana kasha la beji za toleo la zamani ambazo haziruhusiwi tena kuvaliwa. Beji inayokuja hivyo inakuja na habari yake: lini ilibadilishwa, nani aliichora, kwa nini kuna mnara au gurudumu la kinu kwenye ngao. Andika hayo nyuma ya mfuko siku hiyo hiyo, kwa penseli.

Ukipata sare nzima usiivae mtaani Ujerumani, kifungu cha 132a kinahusu pia kuvaa sare na alama rasmi bila idhini, na mtu mwenye koti la zimamoto akisimama barabarani watu wanaweza kumtegemea kwa jambo la kufa na kupona.

Kwa hiyo kama una bajeti ya euro 50 leo na uko Nairobi, mimi ningechukua furushi la beji za Niedersachsen au Bavaria, ramani nzuri ya jimbo, na faili lenye mifuko isiyo ya plastiki ya PVC, maana PVC inatoa mvuke unaonata kwenye nyuzi. Kama uko Hamburg au Stuttgart na una kabati, ongeza helmeti moja ya DIN 14940 pamoja na hizo beji. Aliye na miaka kadhaa kwenye hili na anasoma Kijerumani vizuri, hapo ndio aanze kutafuta medali zenye hati na ngozi za kale, na kabla ya kutoa hela aende Fulda kwenye jumba la makumbusho la zimamoto, lipo tangu 1963, asimame mbele ya vitu halisi muda mrefu mpaka macho yazoee.

Nondo wanapenda sufu, kwa hiyo beji zilizoshonwa kwenye kitambaa cha sufu zifunge kwenye mfuko uziweke kwenye friza siku kadhaa kabla hazijaingia kwenye faili na zingine, na ukizitoa usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe, la sivyo zinalowa.